Nguzo Tano Kati ya Kumi na Mbili

Alhamisi, Machi 6

Mvua ya kwanza ya masika. Bomba la maji machafu la ghorofa ya tatu limeanza tena kuvujia ukuta wa jiko langu, na harufu yake haisemeki. Nimempigia Elibariki, mwenyekiti wa umoja wetu wa wamiliki. Amesema analifanyia kazi. Mwaka jana alisema maneno hayo hayo kwa sauti hiyo hiyo ya ukumbini, maana Jumamosi yeye huwa MC wa maharusi na siku nyingine zote hasahau.

Jumamosi, Machi 8

Leo ardhi imetikisika Temeke.

Ilikuwa asubuhi, nimeshika kikombe cha chai ya rangi. Madirisha yakagonga, nikadhani ni lori la mchanga linapita. Halafu sakafu ikaenda pembeni, ikarudi, na mtungi wa gesi ukaanza kutembea. Mtu wa Bukoba hahitaji kuambiwa ni nini. Mwaka 2016 nyumba ya kwetu ilianguka mchana kweupe, na dada yangu Kokushubila akatolewa chini ya ukuta yuko hai, mguu mmoja umesagika. Nilishuka ngazi pekupeku, gauni la kulalia na khanga moja, na sikumsubiri mtu.

Chini tulikutana wote: familia tisa za ghorofa tatu za juu, na Taiyeb, mwenye duka la vifaa vya umeme linalochukua chini yote, na mama yake, Bi Gulbahar, anayeishi chumba cha nyuma ya duka kwa kuwa ngazi zimemshinda. Hakuna aliyeumia. Hata pumzi hazijarudi, Elibariki alikuwa ameshawasha simu anajirekodi akimshukuru Mungu, na nyuma yake Genoveva wa ghorofa ya tatu anaweka wigi sawa ili aonekane vizuri.

Nikaingia dukani kutazama nguzo. Ziko kumi na mbili, na ndizo zimebeba kila kitu, kwa sababu kule chini hakuna kuta za maana, ni uwazi toka mbele hadi nyuma. Nguzo ya kona ya nyuma ina ufa mrefu kuliko mkono wangu. Niliwaita wote waje waone. Niliwaambia habari ya Bukoba, nikawaambia jengo lililopasuka nguzo halipewi nafasi ya pili. Genoveva akasema Mwalimu ana uoga wa kwao. Wakacheka, wakapanda kunywa chai.

Jumapili, Machi 9

Mahubiri yalikuwa juu ya tetemeko. Baadaye sadaka ilipitishwa mara mbili.

Alhamisi, Machi 13

Ufa umepotea. Elibariki kaleta fundi, kaupiga lipu na rangi ya krimu, kisha katuma picha kwenye grupu: "Tatizo limekwisha, wapendwa." Majibu kumi na moja, yote mikono iliyokunjwa na maua. Nilichukua kijiko jikoni, nikashuka, nikakwangua lipu mpaka ufa ukatoka tena. Taiyeb alinitazama toka kwenye kaunta. Yule mtu kimya chake kinaniudhi kuliko kelele za wengine. Nina hakika anaogopa kufunga duka.

Jioni nimepita mlango kwa mlango, nikakataa kuondoka bila mchango wa kumleta injinia. Nimefundisha darasa la tatu miaka mingi, najua kusimama mlangoni nikiwa na uso mbaya.

Jumatano, Machi 19

Injinia amekuja. Anaitwa Vaileth, hana hata miaka arobaini. Elibariki alimwamkia, halafu akaniuliza pembeni kama hakuna injinia mwanaume. Nilijifanya sijasikia.

Alikaa chini kutwa nzima. Alitoboa, akapima, akabandua lipu, akatuonyesha nondo zilizoliwa na kutu. Shida si kutu peke yake, alisema. Jengo lilijengwa wakati hakuna aliyewaza tetemeko, chini likaachwa wazi tangu kwenye mchoro, na nguzo zina ringi chache mno. Ringi ni ile nondo nyembamba inayozungushiwa nondo nene ili zege lisifumuke. Dawa ni kuivalisha kila nguzo koti: kuizungushia nondo mpya kuanzia msingi na kumwaga zege jipya juu ya lile la zamani. Alisisitiza zote kumi na mbili, kwa mkupuo mmoja, duka likiwa limefungwa.

Gharama ni milioni tano kila nyumba, na Taiyeb atoe zaidi kwa kuwa eneo lake ni kubwa. Ni bei ya pikipiki mbili. Nilikwenda chumbani nikakaa. Kiinua mgongo changu na cha marehemu Projestus, mume wangu, vyote vimo ndani ya kuta hizi. Hela iliyobaki ni ya dawa za presha na ya kunizikia. Lakini nitalipa.

Jumamosi, Machi 22

Kikao, mvua inapiga kwenye bati la geti hadi hatusikizani. Nayaandika waliyosema kabla hayajanitoka, maana nikija kuyasimulia nitaambiwa nimezidisha.

Mmoja alisema Dar hakuna matetemeko, lile la juzi lilipita njia tu. Wa pili alisema kwa hela hiyo anapata kiwanja Gongo la Mboto na nyumba ya chini ambayo haina mahali pa kuanguka. Wa tatu alisema serikali ilete mradi. Genoveva alisema hana kitu kabisa, na huyu ndiye aliyeweka dari la jipsamu lenye taa za buluu mwezi uliopita, akatuita tukalione. Mwingine akasema lawama zote ni za Taiyeb, amebomoa kuta ili duka lipanuke. Nilitaka kusema kwamba injinia katueleza mchoro ulivyokuwa, lakini nikaona acha naye asikie uchungu kidogo. Taiyeb aliinama tu.

Ndipo Elibariki akasimama na wazo. Tufanye harambee. Tuunde kamati, tuchapishe kadi, tumwite mgeni rasmi. Harusi zinachangiwa, ubatizo unachangiwa, nguzo zitashindwaje? Makofi. Watu waliokuwa hawana shilingi walianza kubishana juu ya rangi ya vitambaa vya viti.

Jumatatu, Machi 24

Mvua. Kamati imekaa. Soda na mishikaki vimetoka kwenye mfuko wa nguzo.

Jumamosi, Machi 29

Nimerudi toka kwenye harambee, na sikula kitu.

Turubai lilifungwa uani, viti vimevikwa satini ya dhahabu na utepe wa zambarau. Matarumbeta yalianza barabarani, yakaingia getini yakifuatwa na watoto wa mtaa mzima. Nguzo ya mbele ilifungwa shada na utepe, ili mgeni rasmi aukate kama anazindua zahanati. Mgeni mwenyewe ni mfanyabiashara wa vipodozi, rafiki wa Elibariki, ambaye hajawahi kukanyaga hapa na hatakanyaga tena. Alisema maneno mengi juu ya mshikamano. Alitoa bahasha, watu wakapiga vigelegele, na baadaye nikasikia ndani mlikuwa na ahadi iliyoandikwa kwa kalamu.

Kila familia iliitwa mbele icheze muziki kisha itangaze. Genoveva alikuja akiyumbisha kiuno, akachukua maiki akasema anatoa nguzo moja na nusu. Shangwe. Mimi niliweka milioni zangu tano taslimu mezani, sikucheza, na MC akanipita haraka kwa sababu hela taslimu haina mbwembwe.

Taiyeb alikaa mstari wa mbele na midomo imekauka, kafunga. Pilau lilipitishwa puani mwake saa tisa mchana ya Ramadhani, na wengi wetu tulioketi pale tuko ndani ya Kwaresima na hatukukumbuka. Alipopewa maiki alisimama, akasema, "Mie fungu langu lipo. Siku mkiwa tayari wote, natoa." Akakaa. Watu wakaguna. Mtu nyuma yangu akasema kwa nguvu kwamba hawa ndivyo walivyo, ubahili mpaka kaburini. Naandika ukweli: moyoni nilikubaliana naye. Mtu mwenye duka lile lote anasubiri wajane watangulie kulipa?

Jumapili, Machi 30

Turubai limesahauliwa uani. Limejaa maji ya mvua na mbu.

Jumamosi, Aprili 5

Hesabu zimesomwa. Ahadi zingetosha kujenga jengo jingine. Taslimu, ukitoa matarumbeta, pilau, mapambo na posho ya kamati, hazifiki nusu ya kazi. Genoveva hakuja. Simu yake inaita tu, na taa zake za buluu naziona toka uani.

Tuliolipa kamili ni watano, wote wa upande wa barabarani. Tulikuwa na hasira, na hasira yetu ndiyo aliyoitumia Elibariki. Alisema haiwezekani mwenye kulipa amlindie asiyelipa. Basi kila nyumba ipewe nguzo yake kama tunavyopewa viwanja. Aliyelipa, nguzo yake ivalishwe. Asiyelipa, abaki na yake ilivyo, siku ikija ajue mwenyewe.

Nami niliunga mkono. Nilinyanyua mkono juu kabisa. Nilijisikia vizuri sana, hasa nilipomfikiria Genoveva na jipsamu lake.

Taiyeb aliomba kusema. "Zote au msiguse hata moja," alisema. Elibariki akamwuliza kama ameshalipa. Akasema hapana. Basi, tukamwambia akae.

Jumatano, Aprili 9

Vaileth alifika nikiwa hospitali kupima presha. Elibariki anasema walizozana getini na ameacha kazi kwa kuwa alitaka hela zaidi. Wasomi wa siku hizi. Wamepata fundi wa bei nafuu kutoka Mbagala, ambaye haulizi maswali.

Ijumaa, Aprili 11

Vumbi, kelele, mvua. Wanachimba.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Nguzo tano zimekwisha, nene, zimenyooka, zimepakwa krimu. Ya kwangu ni ya pili kutoka getini. Nimeipapasa wakati watu wanakwenda kanisani, nikaona haya, nikajifanya nafuta vumbi. Elibariki ameweka bango kubwa getini: JENGO HILI LIMEIMARISHWA DHIDI YA TETEMEKO. Nilimwuliza mbona saba bado. Alicheka, akasema Mwalimu hiyo ni lugha ya biashara.

Jumanne, Aprili 22

Mvua kutwa kucha.

Jumamosi, Aprili 26

Nilishuka kununua balbu. Nusu ya rafu za Taiyeb ziko tupu na vijana wanapakia maboksi. Bi Gulbahar alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, ana mkoba magotini, amevaa rida, vazi la stara la kwao, ile ya kutokea. Nilimwamkia, akanishika mkono kwa muda mrefu. Taiyeb alisema anamhamishia kwa dada yake, Upanga, na duka linafuata.

Nilimwambia, kwa kejeli, kwamba kumbe mwenye hela haogopi kulipa, anaogopa kukaa. Hakukasirika. Alivuta meza ndogo ya mbao, miguu yake miembamba. Akapiga magoti, akaikumbatia miguu miwili ya upande mmoja kwa mikono yote, akaniambia niisukume. Nilisukuma. Upande alioushika ulikaa, upande wa pili ukazunguka, mguu mmoja ukateguka na meza yote ikamlalia begani.

"Ndicho alichokuja kukisema yule dada injinia," alisema akiwa bado chini. "Ukikaza upande mmoja, jengo linajinyonga. Sasa hivi ni baya kuliko lilivyokuwaga kabla hamjaligusa. Nilisema zote au msiguse. Mkaniambia nikae."

Nilimwuliza kwa nini hakupiga kelele. Akaniuliza kama nilisikia walichokuwa wanasema nyuma yangu siku ya harambee. Nilisema nilisikia. Hakuniuliza zaidi, na hilo ndilo linaloniuma. Fungu lake liko benki tangu Machi. Vaileth hakutaka hela zaidi. Aligoma kuua watu.

Balbu hakunitoza.

Jumapili, Aprili 27

Nimezunguka milango yote kuwaeleza. Wawili walisema Mhindi kanijaza ujinga. Mmoja alisema yeye kashalipa na hataki kusikia tena neno nguzo. Kwa Elibariki nimebisha mpaka vidole vimeuma. Mlinzi ndiye aliyeniambia: mwenyekiti kahamia Mbezi Beach tangu wiki ya Pasaka, na dalali ana ufunguo.

Nilikaa kwenye ngazi. Mtu aliyetuchangisha, akatugawia nguzo, akatutundikia bango, ameondoka kimyakimya kama mgeni aliyevunja sahani. Kwa hiyo aliyoyasema Vaileth aliyasikia vizuri sana. Sijawahi kumchukia mtu namna hii, na huyu hata kelele hajawahi kunipigia.

Alhamisi, Mei 1

Genoveva naye anauza. Dalali anapandisha watu kila siku, anawaonyesha bango kwanza, kisha nguzo za mbele. Nyuma hawafiki.

Jumamosi, Mei 10

Wapangaji wameingia kwa Elibariki. Kijana anaitwa Godlisten, wakala wa miamala ya simu, na mkewe Loveness, na mtoto wa miezi minne. Wamelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Loveness amepiga hodi kuniamkia na kuniletea maandazi. Ana adabu, ana meno yenye mwanya kama mabinti wa kwetu. Nilikula maandazi yake na sikumwambia kitu.

Jumatatu, Mei 12

Mvua imepungua. Mtoto amelia, nimemsikia toka fleti ya nyuma.

Jumatano, Mei 14

Loveness kaniomba nimshike mtoto akakimbie sokoni Tandika. Kanilalia kifuani saa nzima. Nilipomrudisha nilifungua mdomo niseme, nikauliza kama ameshapata chanjo.

Jumamosi, Mei 17

Leo nimemwambia.

Nilimkaribisha, nikamweka chai, nikaanza na tetemeko. Nikamwambia nguzo ni kumi na mbili na zilizofanyiwa kazi ni tano za mbele. Fleti yao iko nyuma, kwenye zile saba. Alisikiliza akimnyonyesha mtoto, hajapepesa. Kabla sijamaliza akatazama chumba changu cha wageni, ambacho kipo mbele, juu ya nguzo ile niliyoipapasa Pasaka.

"Basi mama, mtoto awe analala kwako," alisema. "Sie watu wazima tutakimbia. Nitakuwa namleta jioni na godoro lake."

Alisema kwa heshima, kama anaomba chumvi. Na mimi, Mungu anisamehe, sekunde chache nilitaka kukubali, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kumalizia.

"Huku pia hapafai," nilimwambia. "Litakwenda lote. Huu upande wetu ndio utakaoliangusha."

"Sasa wewe unakaa kwa nini?"

"Kwa sababu sina pa kwenda. Kila nilichokuwa nacho kimo humu."

"Na sie tumelipa miezi sita," alisema. "Ukatunyamazia wiki nzima unakula maandazi yangu."

Alibeba mtoto akaondoka. Kikombe hakukigusa.

Jumapili, Mei 18

Sikwenda kanisani. Nilinunua kopo la rangi nyekundu ya kupakia mageti na brashi pana. Nilianza na bango, nikalipaka lote likawa jekundu tupu. Kisha nikaenda kwenye nguzo yangu, ile nzuri, inayoonekana toka barabarani, nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, herufi ambazo mtoto wa darasa la tatu anasoma toka dawati la mwisho:

NGUZO 5 TU. 7 BADO. JENGO HALIFAI KUKAA WATU. MWULIZE MWALIMU BENEDICTA, GHOROFA YA KWANZA.

Wapita njia walisimama. Mama muuza vitumbua akanisomea kwa sauti ili nihakikishe. Nilijua ninachokifanya: hakuna atakayeinunua fleti yangu pia, hata kwa bei ya mabati.

Mchana nimeondolewa kwenye grupu. Kabla sijaondolewa nilisoma kwamba mimi ni mchawi, nimechanganyikiwa na ujane, na nitashtakiwa kwa kuharibu thamani ya mali za watu. Nimelala usingizi mzuri.

Jumanne, Mei 20

Dalali amekuja na wateja, kasoma, kageuza gari. Elibariki kamtuma mlinzi afute. Mlinzi kafuta neno moja, kisha kaniambia yeye pia analala humu, akaniomba brashi akaliandika upya.

Ijumaa, Mei 23

Godlisten alikwenda Mbezi Beach na mjumbe wa mtaa na shemeji zake wawili. Elibariki akasema hela ameshaitumia. Wakaketi sebuleni kwake, mbele ya wageni wake, mpaka akaipata. Wamehama leo, wamepata vyumba viwili vya chini Gongo la Mboto. Niliwasubiri kwenye ngazi niwasaidie na vyombo. Loveness alipita na mtoto mgongoni bila kuniangalia. Stahili yangu.

Jumamosi, Mei 31

Genoveva kanipigia analia kwa hasira. Mnunuzi wake alikuwa tayari na hela mezani, akasoma nguzo, akaondoka bila kuaga. Fleti ya Elibariki iko tupu. Nyingine mbili wapangaji wametoa notisi. Aliniuliza nataka nini. Nikamwambia nguzo moja na nusu.

Jumatano, Juni 4

Hela zimeingia.

Nimeangalia mara mbili kwenye simu kwa sababu sikuamini. Genoveva, kamili. Yule aliyetaka kiwanja Gongo la Mboto, kamili. Anayesubiri serikali, kamili. Elibariki kamili, asubuhi na mapema. Taiyeb kaweka fungu lake mchana, baada ya kusikia wote wametoa, kama alivyosema siku ya kwanza. Ndani ya siku chache imepatikana kazi nzima ambayo masika yote haikupatikana.

Ningepaswa kufurahi. Nimekaa na simu mkononi. Niliwaambia watakufa, wakacheka wakaenda kunywa chai. Niliwaonyesha ufa, wakaupaka rangi. Kulikuwa na mtoto wa miezi minne humu na hakuna aliyetoa hata jero. Chumba kimekosa mpangaji wiki mbili, mifuko yote imefunguka. Watu hawa wangefukiwa wote na jengo wakiwa wanabishania vitambaa, lakini kukosa kodi hawawezi.

Na mimi nipo nao. Tangu asubuhi nimeshawaza mara mbili fleti yangu itapanda bei kiasi gani.

Jumatatu, Juni 9

Vaileth amerudi. Hakuongea mengi. Alisema zile tano zifunguliwe kwanza, akaanza na ya kwangu. Fundi alibandua koti kwa nyundo, na ndani tukakuta mifuko ya saruji iliyokunjwakunjwa, imejazwa ili kuokoa zege, na ringi zimeachana dhiraa mbili. Nilikuwa nimepapasa makaratasi. Itabidi tuongeze fedha, na nitauza friji na seti ya makochi.

Jumamosi, Juni 14

Jua. Wamemwaga zege la nguzo tatu za nyuma, kuanzia kona yenye ufa. Duka ni tupu, limejaa mbao na nondo, na Taiyeb amekuja na thermos ya chai akanipa kikombe cha kwanza. Sijajua bado namna ya kumwomba radhi. Nimeanza kwa kumwuliza hali ya mama yake, akanieleza kwa kirefu.

Mchana Elibariki alifika, kofia ya plastiki ya kiinjinia kichwani, viatu vinang'aa. Alipiga picha. Alimpa Vaileth mkono. Kisha akaja niliposimama, akaniamkia kwa unyenyekevu kabisa, akatazama nguzo na maandishi yangu yaliyobaki nusu, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Lakini Mwalimu," alisema, "si ungetuambia tu tangu mwanzo?"

Nilimtazama usoni nikitafuta kama anatania. Hatanii. Anaamini.

Nilitema mate pembeni, mbele ya watu, mimi na umri wangu. Vaileth alisema zege linywe maji asubuhi na jioni, na hakuna aliyejitolea, kwa hiyo nimechukua ndoo.